Pacha Aliyebaki na Masikio

Adongo alipata habari za masikio ya pacha wake kutoka kwa muuza nyanya. Alikuwa amesimama kwenye genge la Suzana pale Mkolani, anachagua nyanya ngumu za mchuzi wa kesho, Suzana akamwambia, "Nimemwona pacha wako amepita na bodaboda, yeye na mtoto. Kapendeza kweli. Kumbe na ninyi mngeweza kuwa hivyo."

"Hivyo vipi?"

"Bila yale masikio."

Adongo akairudisha nyanya aliyokuwa ameishika. Kwenye simu dada yake alikuwa amemwambia anakuja likizo ya mwezi wa sita na binti yake, Favour, na alimwambia kwamba Favour alifanyiwa upasuaji wa masikio mwaka jana, akapona vizuri. Habari ya mtoto aliijua. Ya mama yake hakuijua, na sasa anaipata gengeni, mbele ya watu wawili wanaosubiri kupimiwa vitunguu.

Walizaliwa Rorya, Apiyo akatangulia na Adongo akafuata, kama majina yao yanavyosema kwa Kijaluo. Baba yao, marehemu Ojuok, aliwahamishia Mwanza wakiwa hawajaanza shule. Alikuwa na masikio yaliyosimama kama ya mtu anayesikiliza ugomvi wa jirani, na aliwarithisha wote wawili bila kumpunguzia yeyote. Shuleni waliitwa popo. Waliitwa sufuria, kwa sababu ya mishikio miwili. Mwalimu mmoja wa hesabu aliwaambia wakae dirishani wakati wa joto wapepee wenzao, darasa likaanguka kwa kicheko. Lakini walikaa dawati moja, na kicheko cha darasa zima kikigawanywa kwa wawili kinapungua makali. Apiyo alikuwa wa kupiga. Adongo alikuwa wa kutukana. Hivyo wakamaliza darasa la saba bila kudharauliwa sana.

Ukubwani kila mtu akashika njia yake. Apiyo alisoma uhasibu, akapata kazi Dar es Salaam. Adongo aliolewa na Chenge, fundi wa kuchomelea mageti, mtu mpole asiye na maneno, wakapata binti, Rebeka, ambaye sasa yuko shule ya bweni. Kwa miaka mingi Adongo alikaanga sato pale Kigongo, akiwauzia watu waliokuwa wakisubiri kivuko cha kwenda Busisi. Daraja lilipofunguliwa magari yakawa yanapita bila hata kupunguza mwendo, naye akabeba karai lake akahamia Butimba, karibu na chuo cha ualimu, ambako wanachuo wanakula sana na kuongea kupita wanavyokula. Kichwani alifunga kitambaa, kimeshuka mpaka chini ya masikio. Watu walisema mama Rebeka ni msafi. Hakuwasahihisha.

Alipofika nyumbani siku ile alimkuta Apiyo amekaa kwenye kochi, rasta ndefu zimelala mgongoni, masikio yamelala pembeni ya kichwa kama shuka lililochomekwa na mtu anayejua kazi. Ulikuwa uso wa Adongo mwenyewe, pua yake, mwanya wake, hata kile kidevu walichogombana nani anacho kikubwa. Ila pembeni palikuwa pametulia.

"Ungeniambia," Adongo alisema, kabla hata ya salamu.

"Nilitaka ushangae."

"Nimeshashangaa gengeni."

Apiyo akasimulia. Alimpeleka Favour kwa sababu mtoto alikuwa amegoma kwenda shule, na daktari alisema miaka minane ni umri mzuri tu, sikio limeshakaribia ukubwa wake. Wakiwa kwenye benchi akatoka mzee mmoja, mvi kichwa kizima, amefungwa bandeji kuzunguka masikio kama mtu aliyetoka vitani, anatembea kwa furaha. "Nikamuuliza muuguzi, huyu naye kafanywa nini? Akaniambia, hayohayo ya mwanao. Nikasema kumbe hata watu wazima." Alisubiri Favour apone, akaomba ruhusa kazini, akafanya na yeye. Wanakata nyuma ya sikio, alieleza, wanaikunja ile gegedu ambayo haikujikunja tangu tumboni, wanashona. Unavaa bandeji, halafu mkanda wa kichwa ukilala. Basi.

"Na kusikia?"

"Nasikia vilevile. Nakusikia umekasirika."

"Sijakasirika," Adongo alisema, akaenda jikoni kugonga vyombo.

Ambacho hakukitarajia ni watu. Alidhani watamsema Apiyo, maana ndiye aliyekwenda kukatwa. Lakini Apiyo hakusemwa. Apiyo alipongezwa, kisha shingo zikageuka, moja baada ya nyingine, zikamtazama Adongo, na swali likatoka lilelile: na wewe lini? Suzana aliuliza. Jirani wa nyuma aliuliza kupitia ukutani. Siku ya Sabato, nje ya kanisa, mama mmoja aliyekuwa hajawahi kumsalimia kwa jina alimshika mkono wa kulia, akamshika Apiyo wa kushoto, akawasimamisha bega kwa bega na kuwatazama kwa zamu, kama mtu anayenunua kitambaa na hajaamua rangi.

Butimba ndiko kulikomtoa nyongo. Apiyo alikuja siku moja kumsaidia kugawa chakula, na kuanzia kesho yake kila mwanachuo alikuwa mshauri.

"Mama Rebeka, kumbe huwa unatufichia chini ya hicho kitambaa?"

"Unakula nini?"

"Ugali sato. Lakini mama, ukifanya kama dada yako utapendeza. Si gharama za mzaha lakini."

"Ugali sato," Adongo alisema, akampa kichwa cha samaki.

Miaka yote hiyo alikuwa ameishi na masikio yake kwa namna ya watu wawili wasiopendana lakini wamezoea kukaa nyumba moja. Sasa yametolewa yakawekwa sebuleni, watu wanayajadili. Hakuna aliyemuuliza kama anataka. Walimuuliza lini.

Alipochoka alimgeukia mumewe. Walikuwa wanakula, Apiyo na Favour wako kwa jirani. "Baba Rebeka, niambie ukweli. Haya masikio yangu unayaonaje?"

Chenge akatafuna, akameza, akamtazama. "Masikio yapi?"

Mwanamke mwingine labda angeyachukua maneno hayo akayaweka moyoni kama zawadi. Adongo yalimwudhi. Miaka kumi na tisa ya ndoa, mtu hajaona kitu ambacho Mkolani nzima imekiona. Alimnyang'anya sahani kabla hajamaliza.

Kisha akaja shangazi yao, Aoko, dada wa marehemu baba yao, ambaye naye alikuwa na masikio hayohayo, yamesimama imara chini ya kofia ya sufi. Walimwamkia, akaitika marahaba, akakaa, akamkazia macho Apiyo mpaka chai ikapoa.

"Masikio ya kaka yangu yalikukosea nini?"

"Hayakunikosea, shangazi."

"Ojuok angekuwa hai ungemwingilia mlango gani? Mtu anaangaliwa anajulikana ni wa kwetu. Sasa wewe nani atakujua?" Akapiga funda la chai, akamgeukia Adongo. "Na wewe unangoja nini? Mapacha hawatendewi tofauti. Mmoja akinyolewa, mwingine ananyolewa. Mnataka kuleta balaa kwenye ukoo?"

"Shangazi, umesema hivi sasa kwamba Apiyo amekosea."

"Amekosea."

"Na mimi nikosee?"

"Ndiyo, ili mlingane."

Adongo alitoka nje akasimama kwenye kivuli cha tangi la maji. Favour alikuwa pale anaruka kamba, nywele amezifunga juu kabisa kwa utepe wa njano, shingo na masikio yote yako hadharani. Akasimama kumtazama mama yake mdogo.

"Mama mdogo, wewe shuleni hawakukucheka?"

"Walicheka. Halafu wakachoka."

Favour akafikiri. "Wa kwangu hawakuchoka," alisema, akaendelea kuruka.

Hilo lilimkalia Adongo vibaya. Angependa kusema yote ni mambo ya watu wa Dar wasio na kazi, lakini mtoto alikuwa mbele yake, anaruka kamba, na utepe wake unaruka naye. Asubuhi iliyofuata, kabla ya kufunga kitambaa, alisimama mbele ya kioo cha kabati akayabana masikio yake kwa vidole viwili viwili. Akamwona Apiyo. Akayaachia, yakarudi mahali pake kwa haraka, kama yaliyoogopa. Alifanya hivyo mara kadhaa. Kisha akajikasirikia, maana mafuta yalikuwa hayajanunuliwa na yeye anacheza na masikio.

Jioni ya siku hiyo Apiyo akamwambia kwamba amemwekea miadi.

"Daktari bingwa anakuja wiki hii, hospitali binafsi pale mjini. Huwa anakuja kila baada ya muda. Nimeshapiga simu, nimeandikisha jina lako. Nitalipia kila kitu, wewe usiwaze."

"Umeandikisha jina langu."

"Ndiyo."

"Adongo Ojuok."

"Kwani una jingine?"

Adongo alikuwa anakoroga uji. Aliendelea kukoroga. "Apiyo, mimi nimekuomba? Kuna siku nimekushika nguo nikakwambia dada, nisaidie, masikio yananiua?"

"Mbona unakuwa hivyo? Nakufanyia wema."

"Wema unaulizwa. Hata mgeni anaulizwa kama anakunywa chai ya maziwa."

"Nenda tu akakuone. Kuonwa si kukatwa."

Wakalala bila kuongea, ndugu wawili waliolala tumbo moja, kila mmoja amegeukia ukuta wake.

Jumapili Apiyo akamwomba amfumue rasta. Alisema kichwa kinamwasha, na saluni za Mwanza hazijui. Adongo alijua hiyo ni njia yake ya kuomba radhi bila kuomba, akatandika mkeka nyuma ya nyumba, akakaa kwenye kigoda, Apiyo akakaa chini katikati ya magoti yake kama zamani. Favour alikuwa amekwenda na Chenge karakana. Adongo alianza juu akashuka. Kila alipokaribia masikio Apiyo alisogeza kichwa.

"Tulia."

"Hapo acha, nitafumua mwenyewe."

"Utaonaje nyuma ya kichwa chako?" Akalikusanya lile rundo la mwisho, akaliinua, na kidole chake kikagota kwenye kitu. Nyuma ya sikio la kulia, palipopita mshono, palikuwa na uvimbe mgumu unaong'aa, mkubwa kama mbegu ya fenesi. Akatazama kushoto. Palikuwa na mwingine, mdogo kidogo, unafuata mstari wa kovu kama unaojua unakokwenda.

"Hiki ni nini?"

"Ni kupona huko."

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa pili. Kovu linawasha tu. Linawasha sana usiku."

"Apiyo, kupona hakukui. Walikwambia nini hospitali?"

"Waliniambia nirudi kuangaliwa. Walinipa na tarehe. Kazi zikanibana, halafu nikaona aibu. Nimekwenda kutafuta urembo nikarudi na nundu."

Adongo akanyoosha mkono wake wa kushoto mbele ya uso wa dada yake. Juu kidogo ya kifundo, mahali alipowahi kurukiwa na mafuta pale Kigongo, palikuwa na kovu lililovimba kuliko jeraha lenyewe lilivyokuwa. "Unaliona hili? Tone moja la mafuta. Nalo lilianza kwa kuwasha. Ungeniambia tangu mwanzo ningekwambia ngozi yetu ikoje. Mficha maradhi..."

"Usinimalizie."

Kwa kuwa wazazi wao walikuwa Wasabato, hawakutobolewa masikio utotoni, na Apiyo katika maisha yake hakuwahi kuchomwa wala kukatwa na kitu cha maana. Hakuwa na njia ya kujua. Adongo alilijua hilo, na bado alikuwa na hasira.

"Na hali unajua una hiki kitu nyuma ya masikio, ukaenda kuniandikisha na mimi?"

"Nilidhani kitaisha." Apiyo alikuwa anaongea akitazama mkeka. "Nikwambie ukweli? Dar wameshasahau nilikuwaje. Nimekaa miezi naingia ofisini, napanda lifti, hakuna anayeniangalia mara mbili. Nimefika hapa, kila mtu ananitazama mimi, kisha anakutazama wewe. Nikikusimamia tu karibu, wanakumbuka kila kitu."

"Mimi sijasema neno."

"Uso wako unasema."

Adongo alikuwa na rasta tatu mkononi. Alizivuta kuliko ilivyohitajika. "Kwa hiyo mimi nikatwe ili wewe usahaulike."

Apiyo akasema, kwa sauti ndogo, "Ukiliweka hivyo ni baya."

"Ungeliwekaje?"

Adongo alimaliza kumfumua, akamwosha nywele, akamkaushia nyuma ya masikio kwa kitambaa laini, taratibu, huku amenuna. Siku ya miadi walikwenda wote, na Favour pia, kwa sababu Adongo alisema mtoto naye aangaliwe.

Ndani ya moyo wake Adongo alikuwa na maneno yake tayari. Alikuwa ameyapanga tangu Mkolani, njia nzima. Angemwambia daktari, kwa adabu: nashukuru, lakini jina langu liliandikwa na mtu mwingine, masikio ni yangu, naomba uyaache. Aliyapenda maneno hayo. Kwa sehemu ndogo, ambayo hakumwonyesha mtu, alikuwa pia na maneno mengine, mafupi, ya kukubali, kama daktari angekuwa mtu wa kuaminika.

Muuguzi alimtazama akamwandika, akamtazama Apiyo akamwandika, kisha akamwita Apiyo kwa jina la Adongo akamwuliza alishafanyiwa wapi. Ilichukua muda kulinyoosha. Daktari alikuwa mama mmoja wa makamo, Dokta Kashindye, mwenye miwani na mikono iliyotulia. Alianza na Favour. Akakunja sikio mbele, akatazama nyuma, akapitisha kidole. Kovu la mtoto lilikuwa mstari mwembamba tu. Alimwambia Apiyo ampeleke mtoto kuangaliwa mara kwa mara, na likianza kunyanyuka hata kidogo, siku hiyohiyo waende hospitali.

Kwa Apiyo alichukua muda mrefu zaidi. "Hii inaitwa keloidi," alisema. "Hakuna aliyekosea kushona. Ngozi nyingine ikijeruhiwa haijui pa kuishia. Tutachoma sindano kwenye kovu lenyewe, na utarudia kila mwezi, hapa au Dar, ukizingatia itasinyaa. Usingeacha tarehe zako tungeikuta ndogo."

Apiyo akaitikia kama mtoto aliyepelekwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Sindano ilimwuma, akamshika Adongo paja, na Adongo akamwacha ashike.

Kisha Dokta Kashindye akamgeukia Adongo. "Na wewe ndiye uliyeandikishwa kwa upasuaji."

Adongo akajiweka sawa kwenye kiti. Akafungua mdomo.

"Nyoosha mkono," daktari alisema, maana alikuwa ameshaliona kovu la mafuta. Akaligusa, akalipima kwa vidole, akamtazama Apiyo, akamtazama yeye. "Mmefanana sana. Mnafanana hivi na ngozi?"

"Nadhani."

"Basi mama, samahani, mimi sikukati. Kama ingekuwa ya kuokoa maisha ningefanya, lakini kwa ngozi hii sikio lisilo na tatizo sitaligusa. Najua umekuja na matumaini. Pole sana."

Adongo alikuwa bado ameachama kidogo. Maneno yote mazuri aliyoyabeba kutoka Mkolani yakakosa pa kushukia. "Dokta," alisema, "mimi nilikuwa nimekuja kukataa."

"Hata hivyo," daktari alisema kwa upole, jinsi watu wanavyomsemesha aliyefiwa, "usivunjike moyo."

Njiani kurudi Apiyo, shingo imemkakamaa kwa sindano, alisema, "Si ndivyo ulivyotaka?"

"Nilitaka niseme mimi."

"Imekuwa yaleyale."

"Si yaleyale," Adongo alisema. Alijaribu kueleza, akaona maelezo yanamkera kuliko jambo lenyewe, akaacha.

Apiyo, akidhani anasaidia, alimweleza Suzana kilichotokea ili watu wakome kuuliza. Na kweli waliacha kuuliza. Walianza kumpa pole. Suzana alimwongezea nyanya mbili, akampigapiga mgongoni. Jirani wa nyuma alisema Mungu ana makusudi yake. Yule mama wa kanisani alimwahidi kumweka kwenye maombi. Butimba wale wanachuo wenye midomo walikuja wakiwa wapole, wakala kimya, na mmoja akasema, "Mama Rebeka, usijali, teknolojia inakua." Adongo alieleza mara ya kwanza kwamba yeye hakuomba. Alieleza mara ya pili. Alipoanza kueleza mara ya tatu aliona jinsi msikilizaji anavyotikisa kichwa kwa huruma, akajua kwamba kila anavyokanusha ndivyo anavyozidi kuonekana mtu aliyeumia. Akaanza kuitikia tu. Pole. Asante. Pole sana. Asante.

Jioni moja kabla Apiyo hajarudi Dar, shangazi Aoko akafika tena, safari hii na kuku hai, jogoo mwekundu aliyefungwa miguu. Akamweka miguuni pa Adongo.

"Wa nini, shangazi?"

"Wa pole. Nimesikia walikukataa."

"Shangazi, sikukataliwa. Yaani nilikataliwa, lakini nilikuwa sitaki."

"Pika tu," shangazi alisema, akavua viatu.

Chenge aliingia akitokea karakana, akamkuta jogoo, akamkuta shangazi, akamwamkia. Kisha akamwuliza mkewe kwa sauti ya chini, kwa nia njema kabisa, "Kwani juzi mlikwenda hospitali kufanya nini?"

Apiyo akacheka, akashika nyuma ya masikio kwa sababu kucheka kulimwuma, akazidi kucheka. Favour naye akacheka bila kujua anachekea nini. Adongo hakucheka. Alimwambia Apiyo aje karibu na taa, akamgeuza kichwa, akalitazama lile kovu la kulia. Lilikuwa limelegea kidogo, au alitaka iwe hivyo. Akamwambia asipokwenda kwa sindano ya mwezi ujao atapanda basi mwenyewe amfuate hukohuko ofisini kwake, bila kitambaa.

Kisha akamchukua jogoo akaenda naye jikoni. Alimchinja, akamnyonyoa, akamkatakata, akamwunga kwa nyanya za Suzana. Sebuleni walikuwa wanaongea kuhusu yeye. Alisikia jina lake mara mbili na neno pole mara moja. Firigisi, ambayo siku zote huiweka kwenye sahani ya Chenge, aliila mwenyewe, amesimama, kabla hajawaita wengine kula.